Fyeka Kona, Subiri Nyuma

Nilipoanza kazi ya kufyeka kando ya barabara, fahari yangu ilikuwa nyasi fupi kuliko za wenzangu wote. Siku moja nikashuka kwenye trekta kuondoa jiwe, nikakuta nyuma yangu kiota cha kware: mayai yamesagika, mama amekufa juu yake. Hakuwa ameruka. Kware anayeatamia hutulia tuli akitegemea rangi yake imfiche, hata mashine ingurume vipi. Tangu hapo nafyeka tofauti.

Sikushauri uache kufyeka. Kwenye kona, makutano, mbele ya alama na ukanda mwembamba unaopakana na lami, fyeka msimu wowote wala usisite, kwani dereva asiyeona mbele anaua watu, na wanyama pia. Lakini nyuma ya ukanda huo, kuelekea mtaroni na kwenye uzio, nyasi ndefu hazimzibi mtu macho. Huko ndiko ndege hutaga, viwavi hula majani na nyuki hupata maua. Huko mimi husubiri mpaka makinda yaondoke na maua yapukutishe mbegu. Kware huatamia siku 17 hadi 20 tu, na vifaranga wake hutembea saa chache baada ya kuanguliwa. Kuahirisha wiki chache kunaokoa kizazi kizima.

Wakati ukifika, usizunguke kutoka nje kuingia ndani. Wanyama watabanwa katikati. Anzia upande wa lami usogee nje, ili wakimbilie porini na si barabarani. Inua visu sentimita 10 hadi 15, wapone vyura na kobe, na endesha polepole. Usimalize pande zote mbili siku moja, waliofukuzwa huku wapate pa kujificha kule. Ukiweza, ondoa nyasi ulizokata: zikioza hurutubisha udongo, nyasi hurudi kwa kasi na kuyasonga maua, nawe unarudi kazini mapema.

Watu watasema umezembea. Ukingo wa mbele ukiwa umenyooka vizuri, wengi hutambua kwamba kilichobaki nyuma kimeachwa kwa makusudi.

Na kabla ya kuwasha mashine, tembea kwa miguu. Nikikuta kiota nachomeka kijiti hatua chache kando, si juu yake, maana kunguru hujifunza upesi kijiti kinaonyesha nini.