Maswali ya wasomaji: Kabla ya kukloni diski

SWALI: Laptopu yangu ina diski ngumu ya GB 1,000, lakini nimetumia GB 210 tu. Nina SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 480 na kebo ya kuiunganisha kwa USB. Nimejaribu mara mbili kukloni, yaani kunakili diski nzima kwenye nyingine, na mara zote kazi imekwama kwenye asilimia 37. Nimekosea wapi?

JIBU: SSD iweke kando kwanza. Kazi ikikwama pale pale kila mara, shuku diski ya zamani: huenda kuna sekta (kipande kidogo cha diski) isiyosomeka. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure, utazame mstari wa 05 (sekta zilizokwisha kubadilishwa) na C5 (zilizoshindikana kusomeka, zinasubiri uamuzi). Angalia, thamani zake huandikwa kwa heksadesimali, hivyo 10 hapo ni 16.

C5 ikizidi sifuri, usikimbilie chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Amri hiyo huilazimisha diski isome kila kona, na diski iliyochoka inaweza kukufia mikononi. Hamisha kwanza picha na nyaraka kwenye diski ya tatu. Kisha tumia ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo huchukua sehemu zilizo nzima kwanza na kuziachia mbovu zamu ya mwisho. Ila ukiinakili diski yote kwa njia hiyo, diski mpya isipungue ukubwa wa ile ya zamani, kwa hiyo GB 480 zako hazitoshi.

Mistari yote miwili ikiwa sifuri, endesha chkdsk C: /f, uwashe upya, na ujaribu kebo nyingine.

Sasa ukubwa. Hizo GB 480 Windows itazionyesha kama 447 hivi, maana mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Data yako inaenea. Hata hivyo Clonezilla, programu ya bure ya kukloni, kwa kawaida huikataa diski iliyo ndogo kuliko ya kwanza, hata kama data ni kiduchu. Kupunguza C (patisheni, yaani fungu la diski, lenye Windows) peke yake hakutoshi, kwa kuwa patisheni ya urejeshaji mara nyingi hukaa mkiani kabisa. Mimi ningechagua programu inayopunguza patisheni yenyewe.

Vyovyote vile, andika powercfg /h off kwenye Command Prompt uliyoifungua kama msimamizi. Hufuta hiberfil.sys, faili linalokula GB kadhaa, na huzima Fast Startup, ambayo huiacha Windows imelala nusu badala ya kuzimika. BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data kwa ufunguo, ikiwa imewashwa, isimamishe, na ufunguo wake wa tarakimu 48 uuandike nje ya laptopu hiyo.

Chaja iwe imechomekwa. Kwa USB 2.0, inayopitisha kama MB 35 kwa sekunde, GB 210 huchukua saa 1 na dakika 40.

SWALI: Diski zangu mbili zina ukubwa sawa. Nitajuaje ipi ni ya zamani?

JIBU: Usiamini “Disk 0” na “Disk 1”, namba hizo huweza kubadilika ukiwasha upya. Linganisha modeli na namba ya mfululizo (serial number) iliyobandikwa kwenye diski na ile ya kwenye skrini. Ukigeuza mwelekeo, diski tupu inafuta iliyojaa. Ukimaliza, zima kompyuta na uichomoe ya zamani kabla ya kuwasha. Zikiwashwa pamoja zina saini moja (namba ambayo Windows huitambulia diski), na Windows huiweka mojawapo nje ya matumizi, ikiandika “Offline”.