Anza na chambo, malizia na rili: vifaa vya kuvulia besi Naivasha

Mteja akiingia duka la vifaa vya uvuvi, jicho lake huenda kwanza kwenye rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Zinang'aa, mpini unazunguka kwa ulaini, muuzaji anataja idadi ya bearingi. Akishachagua rili anatafutiwa fimbo ya kuifuata, kisha mshipi wowote uliopo kaunta, na chambo bandia viwili vitatu kwa chenji iliyobaki. Huo ni mpangilio wa kinyume, na ndio unaomfanya mtu avunje fimbo mpya au apoteze chambo chote kabla ya saa nne asubuhi.

Chagua chambo kwanza. Chambo ndicho kitakuambia mshipi gani, mshipi na chambo vitakuambia fimbo gani, na rili itafuata mwisho, kwa sababu kazi yake kubwa ni kubeba mshipi na kuuachia vizuri samaki anapovuta.

Besi tunayemzungumzia ni samaki yule mwenye mdomo mpana aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Amerika Kaskazini miaka ya 1920. Hapigi mbio ndefu kama samaki wa baharini. Anavizia. Anakaa kando ya mafunjo, chini ya gugumaji au katikati ya migunga iliyozama maji yalipopanda, anaruka mara moja, kisha anageuka kurudi mafichoni na ndoana yako mdomoni. Kwa hiyo usipime nguvu ya vifaa kwa uzito wa samaki. Besi wa kilo moja na nusu si mzigo kwa mshipi wowote wa maana, lakini besi huyo akishajizungusha kwenye mashina mawili ya mafunjo, hapo unavuta ziwa.

Chakula chake kikubwa hapo ni kamba wekundu wa Louisiana walioingizwa ziwani mwaka 1970. Ndiyo maana chambo cha kwanza kununua ni kamba au mnyoo wa plastiki laini, wa sentimita 10 hadi 15, rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Unaufunga na chubwi yenye umbo la risasi ya gramu 7 hadi 10, iteleze juu ya mshipi, na ndoana pana ya namba 3/0 ambayo ncha yake imefichwa ndani ya plastiki ili isinase majani. Chambo cha pili ni cha kijiko kinachozunguka, gramu 10 hadi 14, cha kupitisha ukingoni mwa majani. Cha tatu ni kisamaki kigumu cha kuzama chenye ndoana za ncha tatu, ila hicho kiweke kwa ajili ya maji wazi. Ukikirusha kwenye gugumaji umekitoa sadaka.

Sasa mshipi. Aina ni tatu, na hakuna iliyo bora kwa kila kitu.

Nailoni ya kawaida ni rahisi, inafungika vizuri na inavutika sana. Kuvutika huko ni faida unapotumia kisamaki cha ndoana za ncha tatu, maana ndoana hizo ni nyembamba na mshtuko mkali huzichomoa mdomoni. Lakini ukiwa na mnyoo wa plastiki umbali wa mita 30, mkono unavuta na ndoana haisogei, mshipi unarefuka tu. Nailoni pia huzeeka kwa jua. Ikikwaruza vidoleni, au ikibaki na mapindo ya rili hata baada ya kuinyoosha, itoe. Kwa nguvu, yaani mzigo ambao mshipi hubeba kabla ya kukatika, ratili (pauni) 10 hadi 12 zinatosha.

Fluorokaboni huzama, haionekani kirahisi majini na huvumilia kusuguana na miti. Ubaya wake ni ugumu: ukiijaza rili nzima hujirukia na kufumka. Itumie kama kipande cha mwisho, mita moja hivi, ratili 15, kati ya chambo na mshipi mkuu.

Uzi wa kusukwa ndio wenyewe kwa majani. Ni kama hauvutiki, kwa hiyo unasikia chambo kikigusa kila jiwe, na ukiukaza unakata mashina laini badala ya kunasa. Tena ni mwembamba: uzi wa kusukwa wa ratili 30 una unene unaokaribia nailoni ya ratili 8. Huo wa 30 ndio wa kununua. Kasoro zake ni mbili na zote zina dawa. Ya kwanza, huteleza juu ya bobini tupu, ile sehemu ya rili inayobeba uzi: uzi wote unazunguka juu yake bila kuvuta, nawe unadhani breki ya kuachia samaki imekufa. Tanguliza mizunguko kumi ya nailoni, au kipande cha plasta, kabla ya kuufunga. Ya pili, ukijazwa ukiwa umelegea huchimba chini ya mizunguko yake yenyewe, na mrusho unaofuata unakwama hewani. Ujaze ukiwa umebanwa kwa kitambaa chenye maji. Usiubane kwa kidole kitupu, huo uzi ni wembe.

Jaza bobini mpaka zibaki milimita mbili au tatu kufika ukingoni. Ukizidisha, mizunguko hutoka kwa mafungu. Ukipunguza, uzi husugua ukingo na mrusho unakufa njiani. Kwa rili ya kuning'inia chini ya fimbo, laza kibunda cha uzi mpya sakafuni upande wenye lebo ukitazama juu, zungusha mara kumi, kisha legeza uzi kidogo. Ukijisokota kama kamba ya kanga, geuza kibunda upande wa pili na uendelee. Hatua hii ya nusu dakika huwaokoa watu na usumbufu wa msimu mzima.

Fundo la kufunga ndoana nitalieleza pole pole, kwa sababu samaki wengi wanaosemekana “walikata mshipi” walifungua fundo. Kunja uzi uwe mara mbili, sentimita 15 hivi. Pitisha mkunjo huo kwenye jicho la ndoana. Funga fundo la kawaida kwa nyuzi zote mbili, lakini usilikaze. Sasa chukua mkunjo uliobaki, uvishe juu ya ndoana nzima mpaka upite jicho lake. Lilowanishe kwa mate, kisha vuta pande zote mbili kwa pamoja, taratibu, mpaka likae. Likikazwa kavu, msuguano huunguza nailoni na fluorokaboni kwa ndani. Juu linaonekana zima, ila limeshapoteza sehemu ya nguvu zake. Kata mkia ubaki milimita tatu. Ishike ndoana kwa koleo, vuta kwa nguvu. Likiteleza, limeteleza ukiwa bado kavu miguuni, bora.

Fimbo husomwa kabla ya kushikwa. Juu kidogo ya mpini kuna maandishi madogo: urefu, ratili za mshipi, na uzito wa chambo, mara nyingi kwa wakia. Wakia moja ni gramu 28, kwa hiyo fimbo iliyoandikwa 1/4 hadi 5/8 inarusha gramu 7 hadi 18. Hiyo ndiyo ya Naivasha. Urefu wa futi sita na nusu hadi saba unatosha ndani ya mashua. Ndefu zaidi itamgonga nahodha. Nguvu iwe ya kati au kati kwenda nzito. Mpindo uwe wa haraka, maana yake fimbo ipinde theluthi ya juu tu, nyuma ibaki ngumu ya kukita ndoana kupitia plastiki. Fimbo inayopinda mpaka mpinini ni nzuri kwa visamaki vigumu, na kwa mnyoo inakuchosha bure.

Fimbo ya grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, ni nyepesi na ina hisia, lakini haipendi dhuluma. Huvunjika mtu anapomwinua samaki kwenye mashua kwa fimbo iliyosimama wima, kwa sababu mzigo wote unaangukia ncha. Inapitisha umeme pia, na mvua za alasiri za Bonde la Ufa zina radi. Wingu likikusanyika, ilaze chini na muelekee nchi kavu. Fimbo ya nyuzi za kioo ni nzito ila inavumilia matatu, watoto na mlango wa gari. Kwa anayesafiri kutoka Nairobi kwa gari la abiria, vipande viwili havina mjadala. Paka kiungo nta ya mshumaa kidogo ili kising'ang'anie.

Dukani, pitisha kipande cha soksi ya kike ndani ya kila pete. Kikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utanyoa uzi kila mrusho. Hesabu pete pia: fimbo ya futi saba yenye pete tano imebaniwa mahali pasipofaa, uzi utagusa fimbo ikipinda.

Rili, basi. Kama unanunua moja tu, nunua ile ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Inarusha chambo chepesi bila ugomvi. Uwiano wa 6.2:1 hivi unafaa kazi zote, yaani mpini ukizunguka mara moja uzi unazungushwa mara 6.2. Usidanganywe na bearingi kumi na mbili. Shika mpini, jaribu kuurudisha nyuma: usicheze. Kisha vuta uzi dhidi ya breki polepole: utoke laini, bila kushtukashtuka. Hiyo ndiyo rili nzuri. Kila ukirusha, funga kwa mkono upinde wa waya unaoelekeza uzi kwenye bobini, usisubiri mpini uufunge, maana hapo ndipo uzi hujisokota.

Rili ya kukaa juu ya fimbo ni ya hatua ya pili. Ina nguvu ya kung'oa samaki majanini, lakini chini ya gramu 10 inasumbua, na bobini ikikimbia kuliko chambo utakaa nusu saa ukichambua uzi kama nywele zisizochanwa. Kabla ya mrusho wa kwanza legeza kitufe cha pembeni mpaka chambo kishuke chenyewe polepole, na bobini isimame kikigusa chini. Breki za kurusha, zile zinazopunguza kasi ya bobini, ziweke karibu na mwisho, uzipunguze kidole gumba kikishazoea.

Breki ya kuachia samaki hupimwa kwa mzani wa kuning'iniza mizigo. Iweke robo ya nguvu ya kiungo dhaifu kabisa, si ya uzi mkuu. Kipande cha mwisho kikiwa cha ratili 12, breki ianze kuachia kwenye kilo 1.4 hivi. Wengi huikaza mpaka mwisho, kisha wanalaumu fundo. Jioni ilegeze, la sivyo viwambo vya ndani hubanana na kesho itaachia kwa mishtuko.

Chambo kikinasa ndani ya mafunjo, kata uzi ukiwa mashuani. Usishuke kukifuata, humo ndimo viboko wanamolala. Uzi mzee uliotoa usiutupe ziwani: ukate vipande vifupi vya kiganja, urudi nao nyumbani. Furukombe na minandi wa pale hufungwa miguu na nailoni isiyooza.