Anaongea vizuri, VT itatoka wapi?

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni muuguzi, nina miezi saba wodi ya moyo. Juzi usiku baba wa miaka 61, aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, alisema moyo unamwenda mbio. ECG, karatasi ya umeme wa moyo, ilionyesha QRS (kilele cha kila pigo) pana, mapigo yamepangika sawasawa, vijisanduku tisa vidogo kutoka kilele hadi kilele. Presha 112/70, na ananiuliza miwani yake iko wapi. Nikasema ni VT, mbio zinazoanzia kwenye ventrikali, vyumba vya chini vya moyo. Mwenzangu wa zamu akanicheka: "VT gani ya mtu anayepiga soga?" Daktari akaja, akatoa dawa, mapigo yakatulia, hatukuelezwa kitu. Nani alikuwa sahihi? — Wa Zamu ya Usiku

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Karatasi sijaiona, ila kwa maelezo haya niko upande wako.

Vijisanduku tisa: 1500, yaani vijisanduku vya dakika moja, gawa kwa 9, mapigo kama 167 kwa dakika. Mwenzako amechanganya mambo mawili. Presha na soga vinakuambia una haraka kiasi gani. Umeme umeanzia wapi, havisemi. Nimewahi kumhudumia mama mwenye VT aliyekuwa akinigombeza kwa kumtandikia shuka vibaya.

Umeme ukitoka juu, kwenye atria, vyumba vya juu, hushuka kwa njia zake maalumu na kuzifikia ventrikali mbili karibu kwa pamoja, ndiyo maana QRS huwa nyembamba, chini ya vijisanduku vitatu, yaani sekunde 0.12. Ukianzia ndani ya ventrikali, unapita msuli kwa msuli, taratibu, na QRS inapanuka. Kweli, kuna sababu nyingine za kupanuka: tawi moja la njia hizo limeziba, au potasiamu imepanda mno. Ila baba huyu ana kovu la mshtuko, na umeme hupenda sana kuzunguka kovu. Kwa mtu wa namna hiyo, mapigo ya mbio, mapana na yaliyopangika ni VT mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa uthibitisho. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, ukiegemeze kwenye lidi II au V1 (lidi ni mistari ya ECG, kila mmoja unautazama moyo kutoka upande wake). Tafuta vinundu vidogo visivyofanana na vingine, kimoja kimejibanza kabla ya QRS, kingine kimepanda mgongo wa wimbi la T, lile linalofuata QRS. Weka alama ya kalamu chini ya viwili, kisha sogeza karatasi yako mbele. Alama zikiendelea kuangukia vinundu kwa umbali uleule, bila kujali QRS zilipo, umezipata P, alama za atria. Atria zina mwendo wao, ventrikali zina wao, na ventrikali ndizo zenye kasi zaidi. Hiyo ni VT, hakuna ubishi. Mara moja moja P hupata upenyo, ikapenya chini, na katikati ya milima ile mipana ukaona QRS moja nyembamba. Mimi nikiiona hiyo huwa natabasamu, Mungu anisamehe.

Tazama pia V1 hadi V6: zote zikielekea juu, au zote chini, VT inazidi kukaribia. Na lidi ya aVR ikianza kwa R kubwa, yaani kilele kinachopanda juu, vivyo hivyo. Ila usipoziona dalili hizi usiseme basi si VT. P nyingi hufichwa kabisa. Kama faili lina ECG ya zamani, ifunue: QRS ya zamani ikiwa pana kwa umbo lilelile, hapo mwenzako anaweza kujitetea.

Kwa nini ninang'ang'ania? Kwa sababu mtu akiamini mbio hizo zinatoka juu, anaweza kuchoma verapamili. Kwenye VT, dawa hiyo inaweza kuporomosha presha dakika hiyohiyo, na soga likaishia hapo.

Kanuni ya mwenzako ina mahali pake, lakini. Mwaka wangu wa kwanza niliona kwenye monita mistari ya vurugu tupu, nikasema fibrileshini ya ventrikali, nikakimbia na difibrileta, mashine ya kuushtua moyo, hadi kitandani. Mgonjwa alikuwa anapiga mswaki, na mtikisiko wa mkono ndio ulioleta vurugu ile. Akanitazama, povu mdomoni, nami nimeshika pedi mkononi. Hapo ndipo soga linapotoa jibu: fibrileshini ya ventrikali haimwachi mtu macho, moyo hausukumi damu. Ningeangalia lidi nyingine ningeziona QRS nyembamba zikipita kama sindano ndani ya ile vurugu, kwa umbali wao wa kawaida.

Kuna ndugu mmoja wa VT nimtaje kwa haraka, torsades de pointes, ambaye Mfaransa Dessertenne alimweleza mwaka 1966: QRS zinakua, zinapungua, zinajipinda kuzunguka mstari kama utepe uliosokotwa. Ukimwona, pima QT (muda kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T) ya kabla ya mbio kuanza, na umwambie mapema daktari aliyepo, maana huyo anataka magnesiamu na kuacha dawa zinazorefusha QT.

Siku nyingine, mgonjwa akiwa ametulia hivyo, chapa lidi zote 12 kabla ya dawa, na uiache mashine ikichapa lidi II wakati dawa inaingia. Ile ya juzi, kama bado imo kwenye faili, itoe leo, mketi na mwenzako na kipande cha karatasi nyeupe. Kalamu mpe yeye.