Mann-Whitney na p ya Steshenari

Msimu wa tasnifu umewadia, na kapu langu la maswali limejaa Mann-Whitney mpaka mdomoni: jaribio la takwimu linalolinganisha makundi mawili kwa kupanga thamani zote kuanzia ndogo na kuzipa nafasi 1, 2, 3 na kuendelea.

Shikamoo mwalimu. Nimelinganisha dakika za kusubiri usafiri Kimara: abiria 20 wa daladala, 20 wa mwendokasi. Programu ya takwimu SPSS imenipa U 112 na W 322. Nyingine, R, imenipa W 288. Niandike ipi?

Marahaba. Zote ni sahihi. Wilcoxon alijumlisha nafasi mwaka 1945; Mann na Whitney, mwaka 1947, wakahesabu jozi za mmoja kutoka kila kundi, kuona katika ngapi kundi moja limezidi. Hizo 322 ni jumla ya nafasi za kundi la chini: toa 210, jumla ndogo kabisa ya nafasi 20 (1 hadi 20), zinabaki 112. R hupanga makundi kwa alfabeti, daladala ikatangulia, ikapata 288. Jumlisha 112 na 288: 400, yaani 20 mara 20. p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kwa bahati tu kama makundi hayatofautiani, hukaribiana sana.

Ila usiishie kwenye p. Gawa 288 kwa 400, unapata 0.72. Ukiokota abiria mmoja kila upande kwa bahati nasibu, mara 72 kati ya 100 wa daladala ndiye aliyesubiri zaidi (sare huhesabiwa nusu). Hiyo hata mama yako nyumbani ataielewa.

R inalalamika kuna thamani zinazofanana.

Kwa sababu mmeandika 5, 10, 15. Imekadiria p tu badala ya kuihesabu kamili, hakuna kilichoharibika. Safari nyingine shikeni saa, acheni kukisia.

Walimu walewale, kabla na baada ya semina. Mann-Whitney inafaa?

Haifai! Nimeshasema mpaka koo limekauka: watu walewale ni jozi, kila mmoja ana vipimo viwili. Kwenye R tumia jaribio la Wilcoxon la jozi: weka paired = TRUE.

p ni 0.03. Naruhusiwa kuandika "mediani (thamani za katikati) zinatofautiana"?

Umechora data? Najua hujachora. Jaribio hili linauliza kama kundi moja huelekea kuwa na thamani kubwa kuliko jingine. Kuligeuza kuwa habari ya mediani kunataka migawanyo miwili iwe na umbo moja, imesogezwa tu. Kundi moja likiwa limejibana na jingine limetawanyika, mediani zinaweza kulingana kabisa na p bado ikawa ndogo. Histogramu mbili, dakika tano, utaona mwenyewe. Lakini wengi wenu mnapeleka flashi steshenari, kijana anabonyeza, mnarudi na jedwali lisilo na picha hata moja. Siku ya kutetea tasnifu huyo kijana hatakuwepo, na mtahini wa kwanza atauliza hilihili.

Kuku 3 wa chakula kipya, 3 wa kawaida. Wa chakula kipya wote wamewazidi wa kawaida kwa uzito, lakini p ni 0.1. Programu ina kasoro?

Kasoro ni banda lako. Nafasi 6 zinagawika 3 kwa 3 kwa njia 20 tu, kwa hiyo p ya pande mbili haiwezi kushuka chini ya 2 kwa 20, yaani 0.1. Kwa kuku 4 kwa 4 ingeweza kufika 2 kwa 70. Ongeza kuku.