Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Mpya Inayoshindwa Jaribio la Mzigo

Swali: Ndugu mjibu maswali, nimeunda kompyuta yangu ya kwanza ya mezani kwa ajili ya kuhariri video. Ina prosesa ya AMD Ryzen 7 5800X, ubao mama wa B550, RAM mbili za GB 16 kila moja zilizoandikwa 3600, na pawa saplai ya wati 750. Windows iliingia bila tatizo na michezo inachezeka. Fundi mmoja alinishauri niipime kwa Prime95, programu inayoitwisha kompyuta mzigo mzito wa hesabu, kabla ya kuanza kupokea kazi za watu. Nilichagua jaribio la Blend, linalopima prosesa na RAM kwa pamoja, nalo halimalizi dakika 20: mojawapo ya kazi zinazoendeshwa husimama na kutoa ujumbe kwamba ukadiriaji ulikuwa 0.5 ilhali ulitarajiwa kuwa chini ya 0.4. Joto la prosesa wakati huo huwa nyuzi 84. Fundi anasema prosesa ni mbovu. Duka lilinipa siku 14 za kurudisha, na 6 zimekwisha. Je, niirudishe?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Usiirudishe bado. Katika mashine iliyoundwa nyumbani, prosesa ndiyo ninayoishuku mwisho, kwa sababu hupimwa kiwandani kabla ya kuuzwa, ilhali mipangilio uliyoiweka kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine) na namna ulivyozipachika RAM havikupimwa na mtu yeyote kabla ya Prime95. Siku 8 ulizobakiwa nazo zinatosha kumpata mkosaji, mradi ubadilishe kitu kimoja tu kila mara na uandike matokeo kwenye daftari.

Tuanze na ujumbe wenyewe, maana wengi huuogopa bila kuuelewa. Prime95 haikuandikwa kwa nia ya kutesa kompyuta. Ni kazi ya George Woltman kwa ajili ya mradi wa GIMPS, aliouanzisha mwaka 1996, ambao hutafuta namba tasa kubwa za aina ya Mersenne. Programu hiyo huzidisha namba zenye tarakimu nyingi mno kwa kupitia hesabu za desimali, na hesabu ikiwa sahihi kila jibu huangukia karibu sana na namba kamili. Kwa hiyo hujikagua kwa kupima jibu limekaa umbali gani kutoka kwenye namba kamili iliyo jirani. Umbali mkubwa kuliko wote unaowezekana ni nusu, yaani 0.5, ndiyo sababu tarakimu hiyo hujitokeza mara nyingi kwenye ujumbe wa aina hii: jibu lilikuwa limeharibika kabisa, wala halikupotoka kidogo. Ujumbe huo hauzungumzii joto, wala hautaji prosesa. Unasema tu kwamba mahali fulani kati ya prosesa na RAM tarakimu imebadilika.

Kuhusu joto, nyuzi 84 chini ya mzigo huo, katika chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi, hazinishangazi. AMD imeiwekea 5800X kikomo cha nyuzi 90, na prosesa ikikifikia hujipunguzia kasi, haianzi kukosea hesabu. Kama ungeniambia kwamba inagonga 90 ndani ya sekunde chache, ningekuuliza iwapo uliibandua ile plastiki nyembamba iliyo chini ya kipozeo. Nimekwisha kuikuta mahali pake mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa kwenye mashine yangu mwenyewe.

Ninachokishuku ni kasi ya RAM. Ile 3600 iliyoandikwa kwenye pakiti si kasi ambayo RAM huanza nayo. Ni mpangilio uitwao XMP, uliohifadhiwa kwenye chipu ndogo iliyo juu ya RAM, ambao ukiuwasha katika BIOS hupandisha kasi pamoja na volti, kutoka 1.2 za kiwango cha DDR4, aina ya RAM zako, hadi, kwa kawaida, 1.35. Aliyetengeneza RAM ameidhamini RAM yake kwa kasi hiyo. Hakuidhamini sehemu ya prosesa inayoiongoza RAM, na AMD yenyewe, kwa prosesa yako, inaahidi 3200 tu. Prosesa nyingi za aina hiyo huimudu 3600 bila shida, lakini nyingine hukataa, na inayokataa haihesabiwi kuwa mbovu. Hilo ni vyema ulijue kabla ya kwenda kubishana dukani.

Basi ingia kwenye BIOS na urudishe mipangilio yote ya kiwandani. RAM itashuka hadi 2133, 2400 au 2666, nawe usishtuke. Hakikisha pia kwamba hakuna kitu kilichowashwa cha kuiharakisha prosesa au kuipunguzia volti, iwe ni PBO au Curve Optimizer. Watu huviiga kutoka kwenye video za mtandaoni kisha wakavisahau. Zima mashine, chomoa umeme, uangalie kama RAM zimekaa katika nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka upande wa prosesa, na kama zimeshuka hadi kubana, kwani ubao mwingine una kibanio upande mmoja tu na ni rahisi kuacha upande wa pili ukiwa juu kidogo. Kisha endesha Blend usiku kucha.

Ikimaliza usiku mzima bila kosa, kesi imekwisha: vifaa ni vizima, na yaelekea tatizo lilikuwa XMP. Hapo unaweza kuiwasha tena XMP lakini ukaishusha kasi hadi 3200 kwa mkono, halafu ukapima upya. Wapo watakaokushauri uongeze volti ya sehemu inayoiongoza RAM ili uipate ile 3600, nalo linawezekana, lakini kwa mtu anayetaka kuhariri harusi za watu na kulipwa, mimi ningeiacha kwenye 3200. Tofauti ya muda wa kutoa video ni ndogo, na hutaiona bila kushika saa.

Ikishindwa hata kwa mipangilio ya kiwandani, ndipo uchunguzi unapoanza kwa kweli. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uwashe mashine kwa flashi hiyo, ili Windows isiwemo kabisa. Toleo lake la bure hufanya mizunguko 4, na kwa GB 32 tenga saa kadhaa. Kwa kasi ya kiwandani hata kosa moja halikubaliki. Asikudanganye mtu kwamba makosa mawili matatu ni ya kawaida. Likitokea, pima RAM moja moja, zote katika nafasi ileile. Kosa likiifuata RAM, hiyo ndiyo mbovu, na kwa kuwa ziliuzwa kama jozi utazirudisha zote mbili. Kosa likibaki na nafasi, hata ukiweka RAM ipi, basi aidha ubao mama una kasoro au prosesa haijagusana vizuri na soketi yake. Katika soketi ya AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na moja ikipinda inaweza kuikata njia moja ya RAM huku mashine ikiendelea kuwaka. Ukitaka kuitoa uikague, iendeshe kwanza kwa dakika chache ili pesti ya joto ilainike, zima, kisha zungusha kipozeo taratibu kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu kikiwa baridi, prosesa hutoka nacho huku soketi ikiwa bado imefungwa, na hapo pini hupinda kweli.

Sasa tuseme MemTest86 imepita vizuri lakini Prime95 bado inashindwa. Badilisha jaribio: chagua Small FFTs, ambalo kazi yake hubaki ndani ya kashe, yaani kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, na karibu halizigusi RAM. Likishindwa kwa mipangilio ya kiwandani, na kila mara kosa likatokea kwenye kiini (core) kilekile, sasisha BIOS, urudie mara moja, kisha uirudishe prosesa ukiwa na picha za skrini mkononi. Angalia pia kumbukumbu za matukio za Windows: maingizo yenye jina WHEA-Logger namba 18 au 19 ni ushahidi ambao muuzaji hawezi kuupuuza kirahisi, kwa kuwa unatoka kwa prosesa yenyewe.

Huenda unajiuliza kwa nini ujisumbue ilhali michezo inachezeka. Mchezo ukikosea hesabu moja, doa litaonekana kwenye skrini kwa kitambo kidogo nawe hutaliona. Faili ikinakiliwa kupitia RAM inayokosea, kosa huandikwa kwenye diski na kubaki humo, na mteja wako ataligundua kabla yako.

Swali: Kompyuta yangu mpya hufaulu jaribio la prosesa peke yake, na hufaulu FurMark, jaribio la kadi ya picha, peke yake. Nikiendesha yote mawili kwa pamoja inazimika kabisa, bila skrini ya buluu wala ujumbe. Nimeona kwenye Windows tukio la Kernel-Power namba 41. Je, tukio hilo lina maana gani, na je, ninunue pawa saplai nyingine?
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Jibu: Tukio namba 41 linasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Halitaji sababu, kwa hiyo liache. Dalili yako, ya kila upande kufaulu peke yake na kushindwa kwa pamoja, inaelekeza kwenye umeme, lakini kabla ya kutoa fedha chomoa kompyuta kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme), kama unaitumia, na uichomeke moja kwa moja ukutani, kisha urudie jaribio. UPS iliyoandikwa 650 VA mara nyingi hubeba wati 400 au pungufu, na watu wengi huisoma ile VA kana kwamba ni wati. Mashine yenye kadi kubwa ya picha huupita uwezo huo mara tu pande zote mbili zinapofanya kazi, na UPS hukata umeme ili kujilinda.

Ikizimika hata ukutani, angalia waya wa kadi ya picha. Kama umetumia waya mmoja wenye vichwa viwili kujaza matundu mawili ya kadi, tumia nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai. Hakikisha pia kwamba waya wa umeme wa prosesa, ulio juu kushoto mwa ubao, umeingia hadi mwisho. Njia ya volti 12 inaruhusiwa kupungua kwa asilimia 5, yaani hadi 11.4. Ikishuka chini ya hapo wakati wa mzigo, na ukaithibitisha kwa mita, pawa saplai ibadilishwe. Usiifungue uitazame ndani, kwani kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Swali: Nimeunda mashine kwa prosesa ya Intel Core i9-14900K niliyoinunua ikiwa imetumika. Michezo hujifunga na kudai kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi, ingawa kadi nimeiazima kwa rafiki na kwake inafanya kazi. Prime95 nayo hushindwa baada ya muda. RAM nimezipima, ni nzima.
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Hapa, kinyume na jibu langu la kwanza, naishuku prosesa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14, kundi ambalo yako imo, zilikuwa zikijiomba volti kupita kiasi na kuchakaa mapema, na ujumbe huo wa kumbukumbu ya kadi ya picha ulikuwa miongoni mwa dalili zilizojulikana sana. Marekebisho yalitolewa kupitia BIOS, kwanza mwezi Agosti na tena Septemba mwaka huohuo. Sasisha BIOS, uchague mipaka ya umeme iliyopendekezwa na Intel badala ya ile ya mtengenezaji wa ubao, kisha upime tena. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya tu. Prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi. Intel iliongeza miaka 2 kwenye dhamana ya prosesa hizo, kwa hiyo mwombe aliyekuuzia risiti ya awali na usome namba iliyochapwa juu ya kifuniko chake, kabla hujaipaka pesti mpya.