Jibu: Ramani ya Tanga 1914 na mchoro havilingani

Habari mkuu. Unasema ramani yako ya vita vya Tanga, Waingereza dhidi ya Wajerumani, inaonyesha Waingereza wakishuka Ras Kasone, rasi iliyo mashariki ya mji, lakini mchoro wa gazeti la enzi hizo unawaonyesha wakishuka bandarini mjini. Iamini ramani. Mimi nilikwama hapohapo, nikaanza kwa kuitafuta reli: ndiyo iliyomletea Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, askari kutoka Moshi, na safu yake ya ulinzi ilikuwa ukingoni mwa mji, mashariki. Ukishaiona reli, mishale yote inaeleweka.

Angalia na tarehe. Wa kwanza walishuka usiku wa Novemba 2, pigano kubwa likawa tarehe 4. Wachoraji wengi wa magazeti ya enzi hizo walichora wakiwa Ulaya, wakipamba walivyotaka. Ila nyuki wanaoonekana wakishambulia askari usiwafute, hao walikuwepo kweli, na waliuma pande zote mbili!