Hiyo rejeksi ya WHOIS itakula domeni ya mtu, acha kwanza

Wewe mwenye domeni (majina ya saiti) 40 za wateja unayetaka rejeksi, ile fomula ya kusaka maandishi, ya kuchomoa tarehe ya kuisha kwenye WHOIS, huduma ya kuulizia taarifa za usajili wa domeni, hebu funga hiyo laptop kidogo. Rejeksi hiyo hiyo nilishaiandika, nikajisifia nayo, ikanitoa jasho.

WHOIS haina fomati. Ni mambo ya 1982, unagonga poti 43 unatupiwa maandishi, kila mmoja kaandika anavyojisikia. .com wanakwambia Registry Expiry Date, .ru paid-till, .de tarehe ya kuisha hawakuoneshi kabisa. Hayo yanakera tu, hayaui.

Kilichoniua ni hiki. 2023 nilikuwa naangalia .com ya mzee mmoja wa vipuri pale Kariakoo. Skripti inasema inaisha 2024, mimi nimetulia. Imeili zake zikakata, saiti ikaanza kuonesha matangazo ya ajabu ajabu, nikamwambia mzee wangu tumedukuliwa, shida ni hosting. Nikahamisha hosting!! Wiki tatu nahamisha mafaili usiku, mke anauliza hiyo hela ya ovataimu iko wapi. Kumbe domeni ilishaisha na hajalipa mtu. Domeni ya .com ikifika siku yake rejistri, mwenye orodha ya .com zote, inaisogeza mwaka mbele yenyewe, mteja awe amelipa asiwe amelipa, halafu msajili, yule aliyekuuzia domeni, ana siku 45 za kuamua kama anaifuta arudishiwe chake. Mimi nikasoma ule mwaka wa bure nikaona tumelipiwa. Na hata kama kulikuwa na stetasi (neno la kueleza hali ya domeni) pale chini, rejeksi yangu inatafuta tarehe tu, itaionea wapi. Msajili akaipiga mnada. Kadi za biashara, mabango, vibandiko kwenye bajaji, vyote vina jina ambalo sasa ni la dalali. Mzee hakunifokea hata, alisema "sawa kijana", bora angenizaba kibao.

Na yule jamaa aliyeniuzia kozi, "tarehe ndo kila kitu bro, mistari mingine ni takataka", popote ulipo Mungu anakuona.

Sheria yangu ni moja tu: tarehe bila stetasi usiiamini. Na stetasi usiitafute kwenye WHOIS, tumia RDAP, mrithi wake. Imesanifishwa tangu 2015, inakuja kwa HTTPS, ni JSON, yaani data iliyopangwa, tarehe zina muundo mmoja, stetasi zina majina yanayojulikana: ukiona "auto renew period" (si kila rejistri huionesha) mpigie mteja siku hiyo hiyo, ukiona "redemption period" mpigie huku unakimbia, ana siku 30 na ada ya kukomboa inauma. Halafu usiishie kwa rejistri, ndani ya jibu kuna linki ya "related" inakupeleka kwa msajili, wengine huko wanaweka "registrar expiration", hiyo ndo tarehe ya hela yako. Seva ya kuuliza utaipata kwenye orodha ya IANA, watunza kumbukumbu wa intaneti. Halafu tangu 28 Januari 2025 ICANN, wasimamizi wa domeni duniani, haiwalazimishi tena akina .com kuwa na WHOIS, sasa unajengea nyumba kwenye kiwanja cha nani? Za .tz na .ke mkataba wa ICANN hauzibani, hizo kagua moja moja.

Leo hii chukua .com zako zote, zipitishe RDAP, ulete hapa stetasi ulizopata. Nina wasiwasi na mbili tatu tayari.